Foku ya milimita ngapi inatosha? Tuongee kuhusu shoki ya mbele ya baiskeli ya milimani

Swali ninaloulizwa sana na jamaa tunaoendesha nao hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ni hili, foku ninunue ya milimita ngapi, na karibu kila anayeuliza ashajijibu kichwani kwamba kubwa ndo nzuri, 140 inaipita 120 na 120 inaipita 100, kama vile tunapima unga kwenye mizani. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu, nikapoteza hela na karibu msimu mzima nikiendesha baiskeli isiyonitii, kwa hiyo leo nataka nilieleze hili jambo polepole mpaka lieleweke.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Foku yenye shoki ina miguu miwili ya juu, ile inayong'aa, inazama ndani ya miguu ya chini iliyoshika ekseli ya gurudumu. Ule umbali inaoweza kuzama mpaka ifike mwisho ndo mwendo wake, vijana wa gereji wanaita traveli. Ni ule umbali wa kuzama tu, urefu wa foku yenyewe ni habari nyingine na tutaifikia. Siku hizi baiskeli za mashindano ya krosikantri zinakaa kati ya 100 na 120, hizi za kufanyia kila kitu ziko 120 hadi 150, za enduro, yaani yale mashindano ambayo muda unahesabiwa wakati wa kushuka peke yake, zinaanzia 150 zinaenda mpaka 180, halafu kuna zile za dauhili, yaani za kushuka mlima tu, zenye mataji mawili (taji ni kile kipande cha juu kinachounganisha miguu ya foku) zinazofika 200.

Na usidhani milimita chache ni kitu cha watoto. Foku ya kwanza ya RockShox, kampuni ya kutengeneza foku, ile RS-1 ya mwaka 1989, ilikuwa na mwendo wa milimita 48 basi, na mwaka 1990 kule Durango, Marekani, Greg Herbold alichukua ubingwa wa dunia wa kushuka mlima akiwa na foku ya hao hao. Arobaini na nane. Leo mtu anakataa 100 kwa ajili ya kwenda Nakaloke hapo jirani na kurudi.

Sasa yaliyonikuta mimi. Nilikuwa na fremu ya mtumba, alumini nzuri tu, imekuja na foku ya 100 iliyochoka. Nikaenda Kampala kwenye duka moja, muuzaji akanionyesha foku ya 140 ya hewa, yaani inayobebwa na hewa badala ya springi, akaniambia hii ni ile ile tu ila bora zaidi, inaingia kwenye fremu yako bila shida. Na kweli iliingia. Kuingia kwenye shimo ndo kitu rahisi kuliko vyote. Nikarudi nayo Mbale, nikaifunga, nikaangalia baiskeli imesimama kifua mbele kama pikipiki, nikafurahi sana.

Furaha iliisha siku ya kwanza nilipopanda Wanale, ule mlima ulio juu ya mji wetu. Wanaoijua ile njia wanajua ukishaacha mji unaanza kulipia kila mita kwa pumzi, na mimi kila nikifika penye mwinuko mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba kushoto linayumba kulia, linakataa kunyooka kama mbuzi anayevutwa kupelekwa sokoni. Nikadhani ni miguu yangu imeisha nguvu. Nikaja nikaanza kuinama mbele mpaka kidevu karibu kiguse usukani, mgongo ukaanza kuuma, na bado vijana wanaoshuka na mikungu ya matoke kwenye baiskeli zile za chuma ngumu zisizo na shoki hata moja wananipita wakinipa pole.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi, nimemzoea tangu nikiwa shule ya msingi. Nilimpelekea nikisema mzee, hii baiskeli ina ugonjwa. Hakuangalia foku kwanza. Alichukua uzi, akafunga nati kwenye ncha, akauning'iniza kutoka kwenye pua ya tandiko kama mwashi anavyofanya na timazi, akaweka alama ya chaki pale uzi ulipopita karibu na mhimili wa pedeli. Halafu akaniambia, mwanangu, lete ile foku yako ya zamani. Tukabadilisha pale pale, akaning'iniza tena. Uzi ulihama kwenda mbele karibu sentimita mbili na nusu. Yaani ile foku ndefu ilikuwa imenirudisha nyuma mimi mzima, tandiko na kila kitu, sentimita mbili na nusu, na sikuwa nimegusa tandiko hata kidogo.

Hesabu yake iko hivi. Foku ikiongezeka urefu kwa milimita 20, baiskeli nzima inainuka mbele na kuzunguka kwenye ekseli ya nyuma kwa digrii 1 hivi. Mimi niliongeza 40, kwa hiyo digrii 2. Pembe ya shingo, pale usukani unapoingia, ikalala kutoka kama 70 kwenda 68. Hilo peke yake sio baya, wakati wa kushuka linasaidia hata, gurudumu linakuwa mbele yako na baiskeli haitaki kukurusha. Tatizo ni kwamba fremu ni kitu kimoja, haiwezi kulaza shingo halafu ikaacha bomba la tandiko lilivyokuwa, nalo linalala digrii 2 zile zile. Na tandiko likiwa juu ya mhimili kwa sentimita 70, digrii 2 ndo zile sentimita mbili na nusu za uzi wa mzee. Uzito wako unakaa nyuma, gurudumu la mbele linabaki bila mtu, linatangatanga. Juu ya hapo mhimili wa pedeli unapanda zaidi ya sentimita 1, unakuwa umekaa juu ya baiskeli badala ya kukaa ndani yake, kona unaiogopa.

Sasa kuna mjuzi mmoja ataniambia ngoja kwanza, foku ikikaliwa inabonyea, kwa hiyo tofauti sio 40 kamili. Yuko sawa kabisa na hili ndo watu wengi hawalijui. Ukipanda baiskeli foku inazama kidogo kwa uzito wako, huo mbonyeo unaitwa sagi, na unatakiwa uwepo ili gurudumu likifika kwenye shimo liwe na nafasi ya kushuka kulifuata badala ya kuning'inia. Foku fupi za mbio watu wanaiacha ibonyee asilimia 15 hadi 20, ndefu 20 hadi 30. Chukua 100 yenye sagi ya 20, unabaki na 80 juu. Chukua 140 yenye asilimia 25, inazama 35, unabaki na 105. Kwa hiyo ukiwa umekaa tambarare tofauti ni milimita 25. Vizuri. Ila panda mlima uone: ukiinamia mwinuko uzito wako unaenda nyuma, foku inajikunjua, zile milimita zilizokuwa zimezama zinarudi juu, na wewe unapata ule urefu karibu wote saa ile ile usiyoutaka. Kwenye kushuka ni kinyume, unaihitaji ikae juu nayo inazama. Hiyo ndo tabia ya foku ndefu kwenye baiskeli isiyo na shoki ya nyuma, na wengi wetu hapa ndo tunazo hizo.

Hebu tukae hapo kidogo. Baiskeli ikiwa na shoki mbele tu, kila foku inapozama pua inainama na mkia unabaki ulipo. Foku ya 140 ikizama yote inabadilisha pembe ya baiskeli kwa kama digrii 7, ya 100 kama digrii 5. Maana yake ukiwa kwenye mawe unashuka, breki umeshika, baiskeli uliyoijua juu ya mlima sio ile uliyo nayo katikati ya mlima, inakugeukia mikononi, dakika hii imelala dakika hii imesimama wima. Baiskeli yenye shoki nyuma haina shida hii kwa kiasi hicho maana zote mbili zinazama pamoja, ndo maana unakuta watengenezaji wanaweka mbele milimita 10 au 20 zaidi ya nyuma na mambo yanakwenda. Kama una hiyo, fuata walichoweka, usihangaike. Ila kwa bei zake na tope letu kwenye bearingi zake, mimi simshauri mtu anayeanza.

Halafu kuna suala la kuvunjika, na hapa naomba mtu anisikie vizuri. Foku ni kama mtaimbo, kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyoikamua shingo ya fremu kila ukigonga jiwe. Fremu iliyopigiwa hesabu ya 100 haina chuma cha ziada pale chini ya shingo. Watengenezaji huandika kiwango cha juu cha foku kwa kila fremu, wengi wanaruhusu milimita 10 au 20 juu ya ile iliyokuja nayo, sio 40. Ukikuta rangi imepasuka kama unywele chini ya shingo pale mabomba yanapokutana, hiyo baiskeli usishuke nayo tena, isukume mpaka nyumbani.

Kwa hiyo baiskeli ya kufanyia kila kitu, kwa Uganda hii, ni ngapi? Mimi nasema 120, na kama fremu yako ilizaliwa na 100 na karatasi yake hairuhusu zaidi, baki na 100 na moyo utulie. Sababu yangu ni ardhi yenyewe. Fikiria wiki yako ya kawaida. Jumatatu mpaka Ijumaa ni lami yenye mashimo, matuta ya barabarani na moramu, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami. Jumamosi unaingia vijia vya migomba na kahawa kule Bugisu, au unaenda Sipi, na aliyeko Kampala anaingia Mabira, aliyeko magharibi anazunguka vilima vya Bunyonyi. Hatuna lifti ya kukubeba mpaka juu kama kule Alps, kila mita utakayoishuka umeipanda wewe na mapaja yako, na kupanda kunachukua saa nzima ambapo kushuka ni dakika chache. Baiskeli inayokusumbua saa nzima ili ikufurahishe dakika kumi ni hesabu mbaya. Anayeishi kwa kuruka na kushuka mawe, anayepakiwa na pikapu mpaka juu, huyo 140 hadi 160 ni haki yake, lakini anunue na fremu yake iliyotengenezwa hivyo, sio foku peke yake. Na wa mjini asiyeacha moramu, 80 au 100 zinamtosha.

Lakini mwendo ni nusu tu ya habari, na pengine sio nusu kubwa. Foku ya 100 nzuri inaishinda 140 mbaya kila siku ya Mungu. Foku nyingi za bei ya chini ndani mna springi ya chuma na kipande cha mpira basi, hamna dampa. Dampa ni nini? Chukua bomba la sindano ujaze mafuta usukume: polepole yanatoka, ukisukuma kwa nguvu yanakukatalia. Ndani ya mguu mmoja wa foku nzuri kuna kitu kama hicho, mafuta yanapitia vitundu vidogo na kuizuia isizame ghafla na isirudi ghafla. Bila dampa unakanyaga jiwe, springi inazama, halafu inakurudishia kila kitu usoni. Na pale barabara ilipojikunja mistari kama bati, mfano ile moramu iliyokauka mwezi wa kwanza, kinachokuokoa sio milimita, ni kasi ya kurudi, ile rebaundi. Ikirudi polepole mno, kabla haijapanda bati la pili linaigonga, la tatu linaigonga, inazidi kuzama mpaka unaendesha foku ya 140 iliyobaki na 30. Mtu analaumu foku kwamba ngumu kumbe ni kifundo kidogo kilicho chini ya mguu wa kulia kinachotaka kuzungushwa mara mbili.

Na kile kifundo cha juu kwenye foku za springi, kile watu wanachozungusha wakidhani wanaongeza ugumu? Kinaibana springi kabla hujakaa, kwa hiyo kinapunguza sagi, ugumu wa springi unabaki ule ule. Kama una kilo 90 na springi iliwekwa ya mtu wa 65, zungusha mpaka kesho, itagonga mwisho tu. Hapo ndo raha ya foku ya hewa, unaipanga kwa uzito wako. Ila pampu ya kawaida ya matairi haifai, hewa ya mle ndani ni kidogo sana na ukichomoa mdomo wa pampu nusu inatoka, tafuta pampu ya shoki, hata mkichanga watu wanne mnunue moja ni sawa. Uzito nao uangalie: foku ya springi ya bei ya chini inafika kilo 2 na nusu, ya hewa iliyo nzuri kilo 1.7 hadi 2, na tofauti hiyo iko mbele kabisa pale unapoibeba juu ya kila mzizi.

Kabla hujatoa hela kagua inaingiaje, maana hapa wengi wanaumia. Fremu nyingi za mtumba tunazopata zinazotoka Ulaya na Japani ni za gurudumu la 26, bomba la usukani ni lile lililonyooka la inchi 1 na 1/8, na foku za kisasa karibu zote bomba lake ni nene chini, inchi 1 na nusu, haiingii. Fremu yenye shingo pana ya milimita 44 inaipokea kwa kikombe cha nje, ya shingo nyembamba haipokei na usimruhusu mtu aichonge. Angalia breki, foku mpya hazina vile vishikizo vya breki za rimu, kama huna diski umekwama. Angalia ekseli, foku ya ekseli ya kupenyeza ya milimita 15 haikubali habu yako ya zamani ya 9, yaani kitovu cha gurudumu. Na usichukue foku ya gurudumu la 29 uiweke kwenye fremu ya 26 ukisema mwendo si ni 100 ile ile, kutoka ekseli mpaka taji inaizidi ya 26 kwa karibu sentimita 3, umerudi kule kule kwenye uzi wa mzee. Ndo maana nasema pima foku ya zamani kwa futi, kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya taji, andika namba hiyo uende nayo dukani, na kumbuka kuipima bila mtu juu yake.

Utunzaji nitasema kidogo. Vumbi jekundu linakula sili, zile pete za mpira zinazoziba pale miguu inapozamia. Futa miguu ile inayong'aa kila ukirudi, kitambaa safi tu. Usiipeleke woshingi bei wakaipiga na ile mashine ya kuoshea boda, maji yanapenya sili yanakaa ndani na mafuta. RockShox wenyewe wanasema miguu ya chini ifunguliwe isafishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, mimi kipindi cha mvua nawahi zaidi.

Sasa njia ya kujua kama unahitaji milimita zaidi, kabla hujanunua chochote. Kata pete nyembamba kutoka kwenye tyubu ya zamani, ya baiskeli yenye upana mdogo, uivishe kwenye mguu mmoja unaong'aa wakati miguu ya chini imefunguliwa kusafishwa, au kama huwezi kufungua funga uzi wa mpira uukaze kiasi cha kusogea. Isukume chini mpaka iguse sili. Panda baiskeli taratibu ukae kama unavyoendesha, shuka bila kuruka, pima pete imepanda kiasi gani, hiyo ndo sagi yako, kwa foku ya 120 utafute kati ya 24 na 30. Halafu irudishe chini uende ile njia yako ngumu kuliko zote, ile unayoiogopa kidogo, urudi upime tena. Pete ikiwa imefika juu kabisa kila safari na unasikia ule mgongano wa chuma, ongeza hewa kwanza, ikiendelea ndo tuanze kuongelea foku ndefu. Ikibaki chini ya robo tatu, wewe hata hiyo uliyonayo bado hujaimaliza, punguza hewa.

Ile 140 niliiuza kwa kijana wa Jinja mwenye fremu inayoistahili, nikapata ya 120 ya hewa, bomba lililonyooka, mtumba lakini miguu haina mkwaruzo, na karatasi ya fremu yangu inairuhusu mpaka hapo. Jumamosi iliyopita tumeshuka Wanale watu wawili, mvua ilikuwa imenyesha usiku, mawe yametoka nje. Tulipofika chini tukalaza baiskeli kwenye nyasi tukapima. Pete yangu ilisimama kwenye 108. Ya mwenzangu mwenye foku ya 100 ilisimama kwenye 93, na njia nzima alikuwa mita chache mbele yangu.